Kichwa cha Mokeira

Homa Bay,
9 Machi 1996

Kwako Mama Hibo, rafiki yangu Sainab,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa Bitutu, jirani yako wa zamani pale sokoni Migori. Mgongo unaendeleaje? Na Hibo, bado anachagua wachumba? Sisi tuko wazima, na mimi natembea kifua mbele.

Unamjua Mokeira wangu, mwalimu, wa kwanza darasani hadi koleji. Mimba ilipofika miezi mitano, kichwa kilimuuma mpaka akatapika, na jicho la kushoto likaingia giza. Mama mkwe wake kule Lambwe akacheka, eti ni mimba tu, binti ya Bitutu amezoea kudekezwa. Nikamjibu kwamba nimezaa saba na hakuna aliyenifunga macho. Nikamchukua.

Huko Nairobi walimfunika tumbo kwa aproni nzito ya kuzuia miale, wakampiga picha ya kichwa. Ni uvimbe, Mama Hibo, mkubwa kama ndimu, umekandamiza ubongo, na mimba inaunenepesha. Daktari akasema tukingoja azae, macho yote yataenda, pengine na yeye mwenyewe. Mume wake Kerosi akalia. Wajomba wakasema mja mzito hapasuliwi kichwa, tutazika wawili. Nikawauliza ni nani kati yao amebeba hiyo mimba. Mokeira akaomba kalamu, akasaini mwenyewe.

Walimpasua mchana mzima. Siku ya tatu akaomba uji, na mtoto akapiga teke. Januari akazaa msichana wa kilo tatu, sauti kama tarumbeta ya kanisani!

Sasa hili sijamwambia mtu. Sisi Wakisii tuna wazee wa kupasua vichwa vinavyouma. Baba yangu alikuwa mmoja, nami nilimshikia maji. Kabla ya Nairobi nilimnyoa Mokeira, nikamwita ndugu ya baba, Nyabuto, naye mpasuaji. Nilimngoja wiki mbili avune mahindi kwanza. Akapapasa kichwa chote kwa vidole, akaweka kisu chini, akasema mfupa ni mzima, ubaya uko ndani, peleka hospitali. Wiki mbili! Jicho la kushoto halikurudi. Daktari alisema tungewahi kidogo lingepona.

Wakwe wanalaumu hospitali. Sabato ijayo nitasimama mbele yao, Mokeira akiwepo, niseme ni mimi niliyechelewesha. Wacheke watakavyo, mimi ndiye niliyempeleka Nairobi. Midomo yao siiogopi. Naogopa hilo jicho moja lililobaki, likinigeukia.

Msalimie Abdirashid na wote wanaoniulizia.

Ni mimi,
Bitutu, mama yake Mokeira.