Masikio ya Tusa

Jumapili, 30 Novemba

Leo nimetimiza miezi mitano tangu nitoke Singida. Mvua tangu alfajiri. Kwetu mvua kama hii ingekuwa sherehe, hapa Kiwira watu wanaitukana. Bega la kulia limechubuka. Jana tulipakia malori mawili ya ndizi, mkungu mmoja ukaniangukia shingoni. Wenzangu, wanaoijua Singida kwa kuku tu, walicheka: "Mtu wa kuku, ndizi imekushinda!"

Nimelala, nimeamka, nimekula mbalaga za bibi, ndizi zake za kupika. Bibi ndiye mwenye nyumba niliyopanga. Kiswahili chake kidogo. Kinyakyusa changu ni "ugonile" ya salamu na "ndaga" ya shukrani tu. Tunaelewana. Anaishi na mjukuu wake Tusa, miaka saba. Mama mtu yuko Dar, alimleta hapa mwaka juzi.

Tusa ni mtoto mzuri lakini haitiki. Bibi humwita "isaga, isaga!", yaani njoo, wala hageuki. Bibi husema, "Huyu wa Dar, Kinyakyusa hajui." Mimi nikimwita kwa Kiswahili, vilevile hageuki. Mimi humwambia bibi kwamba yeye ndiye amekifuta Kiswahili cha mtoto. Kila jioni tunabishana hivyo na kucheka. Binti yangu Zuhura, aliyebaki Singida na mama yake, ana umri huohuo. Labda ndiyo sababu nampenda huyu.

Januari iliyopita shule ilimrudisha. Wakasema hajakomaa, akiulizwa hajibu. Safari hii imetangazwa kanisani kwa bibi: kila mtoto wa darasa la kwanza apimwe afya kabla ya kupokelewa. Kadi ya chanjo, macho, masikio, meno. Bibi anaomba wasimrudishe tena. Mimi pia.

Jumatano, 3 Desemba

Tusa aliniletea chakula tunapopakia. Lori la Fuso lilikuwa linarudi nyuma. Dereva anapiga honi, utingo anagonga bodi, sisi sote tunapiga kelele. Mtoto anatembea tu na bakuli lake, mgongo ameupa gari. Nilitupa mkungu, nikamvuta kwa gauni. Chakula chote chini. Akanitazama usoni, anashangaa kwa nini nalia.

Honi si Kinyakyusa. Wala si Kiswahili.

Mtoto hasikii. Nyumba nzima tulikuwa tunabishana juu ya lugha.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimemwambia bibi. Nimesema twende Tukuyu hospitali, masikio yapimwe kabla shule hazijafunguliwa. Ameacha kumenya ndizi. "Baba Zuhura, nilikupa chumba. Mtoto sikukupa."

Anaogopa. Jirani alishamwambia kwamba mtoto asiyesikia huchukuliwa, akapelekwa shule ya bweni mbali, na akirudi hamjui tena bibi yake. Ameniuliza kama ni kweli. Nimesema sijui. Kweli sijui. Mimi niliishia darasa la sita.

Jioni sahani yangu haikuwepo.

Jumapili, 7 Desemba

Sahani bado haipo. Nakula maandazi ya barabarani. Bibi akipita ananisalimu, adabu yake haijafa, lakini macho anatazama migomba. Tusa anakuja mlangoni kwangu kucheka, bibi anamvuta mkono. Nina hasira. Nimefikiria kuhamia Tukuyu mjini, mtaa wa Msasani, kuna mtu wa kwetu anauza vitenge pale.

Sihami. Nikihama, nani atalisema tena?

Jumatano, 10 Desemba

Bibi amegonga mlango wangu asubuhi, ameshika sufuria na mwiko. Amenipeleka jikoni. Tusa alikuwa anachambua maharage, ametupa mgongo. Bibi akaigonga sufuria nyuma yake kwa nguvu zake zote. Kuku walikimbia mpaka nje. Tusa akaendelea kuchambua.

Bibi alikuwa ameshagonga peke yake kabla ya kuniita. Alitaka nione na mimi. Machozi yanamtoka. "Twende. Lakini wakimtaka, unamrudisha hapa. Niapie." Nimeapa. Ningemrudishaje mimi? Nimeapa hivyo hivyo.

Msimamizi ameninunia. "Mtoto si wako, kazi unaiachaje?" Nimemjibu kwamba ni kweli, si wangu. Halafu nikamuaga.

Alhamisi, 11 Desemba

Tukuyu. Foleni ndefu. Mbele yetu wanafunzi wanaokwenda kidato cha kwanza, nao wanapimwa. Warefu, wanachekana nani ataogopa sindano. Bibi alivaa kitenge cha kanisani. Tusa alikalia mapaja yangu, kisha ya bibi, kisha yangu.

Muuguzi ni kijana, anakijua Kinyakyusa. Alimshika bibi mkono kabla ya kumgusa mtoto. Nimempenda kwa hilo. Sikio la kulia limezibwa na nta ngumu kama kokoto. La kushoto ngoma yake ilitoboka zamani, pengine aliugua akiwa mdogo. Tumepewa dawa ya matone ya kulainisha nta, turudi wiki ijayo asafishwe. La kushoto ataliangalia daktari wa masikio, Mbeya, mwezi wa tatu.

Bibi alikuwa na swali moja: watamchukua?

Muuguzi alicheka. "Bibi, akuchukulie nani? Huyu akae dawati la mbele, basi. Nitawaandikia walimu."

Jioni sahani imerudi. Ndizi, maharage, parachichi zima. Nimekula mpaka kuinama sikuweza.

Alhamisi, 18 Desemba

Wamemsafisha. Alilia, akanipiga teke la tumbo. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Kilichotoka sikiandiki.

Nje bodaboda ilipita, akajificha kwenye kitenge cha bibi. Njia nzima aliziba sikio kwa kiganja. Nilidhani linauma. Kumbe anashangaa.

Nyumbani bibi alimwita kama alivyozoea, sauti ya kuvusha mto. Tusa akaja mbio, amekunja uso. "Bibi, usinifokee! Niko hapa hapa!"

Bibi alikaa chini palepale kwenye maganda ya ndizi. Alicheka mpaka kilemba kikadondoka. Baadaye nimemsikia akimnong'oneza kwa Kinyakyusa, na mtoto anajibu kwa Kinyakyusa hichohicho. Maneno mengine yamepinda, hata ya Kiswahili. Muda wote alikuwa anatusoma midomo.

Nina furaha. Sijawa na furaha hivi tangu nije.

Jumanne, 13 Januari

Shule zimefunguliwa. Magoti ya bibi hayawezi kilima, kwa hiyo nimempeleka mimi. Sare kubwa, itamtosha mpaka darasa la tatu. Kichwa kimenyolewa kinang'aa.

Mwalimu mkuu alisoma karatasi ya muuguzi, akatazama kadi ya chanjo. Kisha akazunguka nyuma ya Tusa akamwita taratibu. Tusa hakugeuka. Mwalimu akahamia upande wa kulia, akamwita tena. "Abee," akasema mtoto. Amepokelewa. Dawati la mbele, karibu na ukuta, sikio zuri likielekea ubao.

Zuhura naye ameanza leo, huko nyumbani. Amepelekwa na mama yake peke yake. Kwenye simu ameniambia amepata rafiki na kiatu kinambana. Imeniuma. Nimemwambia mke wangu ukweli, kwamba asubuhi hii nilikuwa nimeshika mkono wa mtoto mwingine. Akauliza, "Amepokelewa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya."

Mwezi wa tatu nitawasindikiza Mbeya kwa daktari wa masikio. Nimeahidi. Mwezi wa nne, Mungu akipenda, niko nyumbani.