Seli za Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu kalazwa. Homa, vidonda mdomoni, hata mate hamezi. Neutrofili — seli nyeupe zinazowahi vijidudu — mia moja tu. Zilipaswa kuwa elfu mbili na zaidi.

Niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Wiki mbili nyuma damu yake ilipita mkononi mwangu. Mashine ikasoma chini mno. Kanuni ya maabara: tazama kwa darubini, mpigie daktari. Sikutazama, sikupiga. Nikasingizia sampuli imeganda, nikaitupa, nikamwambia mwenyewe apite tena akipata nafasi. Kisha nikasahau. Miaka kumi na sita kazini!

Jumatano, 5 Machi

Daktari wa damu kanieleza. Uboho wa mifupa unazitengeneza seli vizuri tu. Kingamwili za mwili wake mwenyewe ndizo zinazozinasa. Hapo hapo protini nyingine za damu — komplimenti — zinazivamia. Baadhi zinatobolewa, zinapasuka; nyingi zinamezwa na bandama, zikidhaniwa ni adui.

Nikamfafanulia mama. Akafikiri kidogo, akasema: kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Ndiyo, mama.

Jumamosi, 8 Machi

Sindano ya kuuchochea uboho, na dawa za kupoza kinga. Leo mia tatu! Mdogo wangu kacheka, kanionya nisizisifie sana, nitazitia jicho baya. Mama anamwambia kila mgeni: bahati yetu dada yake yuko maabara. Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatatu, 10 Machi

Themanini. Joto thelathini na tisa na nusu. Nimehesabu kwa darubini mara tatu, nikitafuta kosa.

Hamna kosa. Safari hii hamna.

Jumanne, 11 Machi

Vijidudu vimeingia kwenye damu. Daktari hakuficha: siku mbili hizi ndizo zitakazoamua.

Nikaona nimwambie, asije akaenda bila kujua. Nikavaa barakoa na gauni, nikakaa kando ya kitanda. Sijafungua mdomo, akanishika mkono. Dada, akasema kwa shida, nisamehe. Uliniita nirudi kutolewa damu, nikapuuza. Wewe ulifanya kazi yako. Usimwambie mama, atanichukia.

Nimeona aibu, na — Mungu anisamehe — nimeona nafuu.

Muuguzi kaingia kubadilisha dripu, kaniomba nipishe. Naandika kwenye benchi la korido. Mdogo wangu yuko macho. Ananingoja nirudi, nimwambie nimemsamehe.