Mbao za Dukani kwa Baba

Jumanne, Chang'ombe

Fundi kanitibua. Eti mbao za mlango wa duka ni kuni tu, tuweke alumini ifanane na nyumba za watu. Duka la marehemu baba ndiyo sebule yetu sasa, ila kaunta bado ipo, imelika pale wateja walipokuwa wakiegemeza viwiko.

Mume wangu alishakubali. Hata mie vumbi la kwenye nyufa limenichosha.

Jioni akaja jirani yetu, Bi Mwanahawa, ambaye siku hizi haoni. Akapapasa mbao mpaka kwenye kaunta, akaweka kiwiko mahali pake.

"Hodi dukani!"

"Shikamoo bibi," mume wangu akaitikia. "Nikupe nini leo?"

Alipoondoka, mume wangu akaniuliza taratibu, "Tukiweka alumini, atajuaje kafika?"

Fundi akatafute kuni kwingine.