Udi wa Adija na Kifua Changu

Jumatatu, 5 Juni 1911. Bweranyange.
Nimebanwa tena! Kutoka kwa Saleh hadi dukani kwangu ni hatua chache tu, nimesimama mara tatu. Kifua kinapiga filimbi. Dada yangu Mwaja anasema ni pepo, anataka mbuzi. Na mimi naoa Adija, dada yake Saleh, Ijumaa ya tarehe 23! Bwana harusi gani asiyeweza kusema "nimekubali" bila kukohoa katikati?

Jumatano, 7 Juni.
Nimekwenda kwa daktari Mdachi aliyepiga hema hapa kuchanja watu ndui. Kiswahili chake ni cha amri tupu. Wewe vua! Wewe pumua! Akabandika kibomba cha mti mgongoni mwangu, sikio lake upande wa pili. Unatema damu? Hapana. Homa? Hapana. Unakonda? Nikamwonyesha tumbo. Huja na kuondoka? Ndiyo — siku nyingine napanda mlima bila taabu.
Akawasha mshumaa, akauweka umbali wa mkono, nipulize. Wapi! Haukutikisika hata kidogo. Akachoma majani makavu kwenye kisahani, nikavuta moshi wake mpaka koo likakauka. Tukangoja. Nikapuliza — ukazimika! Akasema hiyo ni pumu, si kifua kikuu. Alhamdulillahi! Mimi nilishaanza kuwaza wosia.
Lakini kuna kitu kinaichokoza, kasema. Kanipa karatasi. Kila nikibanwa niandike nilikuwa wapi, nilinusa nini.

Ijumaa, 9 Juni.
Nimebanwa kwa Saleh. Adija alikuwa ndani, anafukiza nguo za harusi juu ya tenga. Udi anauchanganya mwenyewe, kafundishwa na marehemu mama yake, mtu wa Pangani. Moshi mpaka barazani. Harufu tamu, jamani! Nikatoka macho yamenitoka.
Kwenye karatasi ya daktari nimeandika: ghalani kwangu, kwenye ngozi za mbuzi ninazouza. Ningesemaje? Mchumba hazungukiwi nyumbani kwao kabla ya ndoa, na mimi sikosi siku tatu kwa wiki. Kila mara nasingizia nimemfuata Saleh.

Jumanne, 13 Juni.
Daktari kasoma. Ghalani, ghalani, ghalani. Basi katoa amri: ngozi zote zitoke, kisha nisizisogelee siku saba. Nimejitakia! Kutwa nzima nahamisha ngozi. Watu wa Igurwa walioniletea nyingine wamerudi nazo, wananong'ona kwa Kinyambo kwamba Abdulghani kafilisika.

Jumamosi, 17 Juni.
Siku nne mbali na ngozi, na kwa hekaheka hiyo sikukanyaga kwa Saleh pia. Kifua safi! Nikasema, kumbe uwongo wangu ulikuwa kweli. Alasiri nikaenda barazani kwao kutangaza habari njema. Hata salamu sikuimaliza.
Ni udi. Nilijua. Nilijua tangu zamani, sikutaka kujua.

Jumatatu, 19 Juni.
Nimemwambia daktari yote. Kacheka hadi miwani ikadondoka. Kisha kakunja uso. Udi usiwake nyumbani mwangu, nguo za Adija zifuliwe zote. Majani aliyonipa ni ya kuchoma nikibanwa, si ya kunipa ujasiri wa kukaa kwenye moshi. Nikauliza, hakuna dawa nyingine? Ipo, akasema, tafuta mchumba mwingine. Mshenzi!
Sitaki mwingine. Nampenda Adija. Basi, nimeandika.
Lakini bi harusi aingie bila udi? Wanawake watasema kaletwa kama mzigo wa chumvi.

Jumanne, 20 Juni.
Nimemtuma Mwaja akaseme kwa upole. Mwaja na upole wapi na wapi! Kafika kwao, kasema: kaka anasema harufu yako inamuua. Saleh hakuitikia salamu yangu msikitini.

Jumatano, 21 Juni. Asubuhi.
Adija yuko hapa! Kaja na shangazi yake, shangazi kaketi mlangoni na uso wa kesi. Adija kavaa kaniki iliyofuliwa, hata nywele kaziosha. Kanisogelea. Pumua, kasema. Nikapumua. Tena. Nikapumua. Kimya kifuani!
Nikafurahi kama mjinga. Yeye hakufurahi. Kasema keshokutwa wanawake watamuuliza mbona hanukii. Aseme hana mama wa kumfukizia, au aseme mumewe ana pumu? Nichague mimi, aibu iwe ya nani.
Pumzi ninayo tele, sauti sina. Nimemwambia angoje kidogo, nikasingizia naandika karatasi ya daktari.
Aibu iwe yangu. Kuiandika hapa ni rahisi. Waambie wote, mke wangu, waambie Abdulghani ni mgonjwa, waambie kwa vigelegele. Sasa niinuke niyaseme kwa mdomo — mbona kimya hivi? Yuko nyuma ya bega langu. Sinusi kitu ila sabuni. Ee Mola, Adija anajua kusoma na