Mgeni wa Darasani kwa Annika

Lorna, kitendawili. Usiseme tega, nimechoka, nakujibu mwenyewe. Yumo chumbani, anasemwa vibaya, anasikia yote na ananyamaza. Ni mgeni wa darasani kwa Annika.

Leo wazazi tulikaribishwa kwenye chuo chake cha biashara. Unajua kilichompeleka mjukuu wangu kule: maziwa ya ng'ombe wa baba yake hayalipi tena, naye ameapa zizi halitafungwa.

Wanafunzi wakajadili kisa cha mama aliyefunga kiwanda chake cha jibini, jina limefichwa. Pale nusu ya alama hutolewa kwa kuchangia darasani, basi Annika akawa wa kwanza kunyoosha mkono. "Huyu mama ni mwoga," akasema. Mwoga, Lorna, kwa sauti ya kengele. Wenzake wakacheka, kichwa kikamvimba.

Kipindi kilipokwisha mwalimu akasema, "Mgeni wetu, karibu mbele." Akainuka mama niliyekuwa nimekaa naye nyuma tukigawana peremende. Ndiye huyo. "Mwoga amefika," akasema. Wakacheka tena, Annika peke yake akatazama meza.

Annika akamfuata kwenye korido. "Mama, naomba unisamehe."

"Kuombwa radhi sitaki, mwanangu. Alama umeshapata. Sasa niulize kitu usichokijua."

Annika akauliza: "Ulijuaje kuwa siku ya kufunga imefika?"

Ni nusu saa sasa. Mama anaeleza, Annika hajafungua mdomo. Nami niko kwenye benchi na makoti yetu mawili, nakuandikia. Sitaki kuwasogelea nikasikia jibu, maana najua ng'ombe wanaozungumzwa ni wa mwanangu.