Mkono wa Kushoto wa Rajabu

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje siku hizi? Na mvua, huko Kondoa imewaonea huruma? Hapa Dodoma ni upepo na vumbi tu. Mimi mzima, ila nimechoka. Naandika kwa sababu kila nikikupigia simu, Rajabu anakaa pembeni akiniashiria ninyamaze.

Mwanao anaumwa, mama, na si malaria kama alivyokwambia.

Ilianzia kule karakana, Kizota. Akawa anayumba hata asubuhi ambayo hajaonja kitu, maneno yanamkwama. Mafundi wenzake wakacheka, wakidhani ni ulevi uleule. Kisha siku moja nikampa chai. Mkono wa kulia ukainua kikombe, wa kushoto ukakisukuma, chai yote ikamwagika.

“Dada, huu mkono haunisikii,” akasema, akaanza kulia. Rajabu huyu, aliyekuwa akibeba geti la chuma peke yake.

Hospitali wakampiga picha ya kichwa. Daktari, mama wa makamo, akaniketisha.

“Pande mbili za ubongo zinaongea kupitia hapa katikati,” akanionyesha. “Hapa pameharibika. Ni pombe, na miaka ya kunywa bila kula. Ni ugonjwa adimu, hata mimi nimeuona mara chache.”

“Atapona?”

“Akiacha kabisa, anaweza kupata nafuu. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi.”

Wamemchoma sindano za vitamini. Sasa anatembea akishika ukuta. Asubuhi namfungia vifungo vya shati ndipo niende sokoni Majengo. Mara nyingine mkono ule unavifungua hata sijatoka mlangoni. Juzi rafiki yake alimletea gongo kwenye chupa ya maji, eti imtulize. Nikaimwaga uani. Rajabu alinitukana mpaka majirani wakatoka. Jioni akaomba uji, nikampikia.

Mjomba akisikia, mwambie asihangaike na mganga. Hajarogwa mtu.

Nimemsomea barua hii mpaka hapa. Aliichukua mkononi mwangu, nikadhani ataichana. Akasema, “Mwandikie aje.”

Basi njoo, mama. Msalimie mjomba, shangazi anayekuchotea maji, na mdogo wetu Mwajuma na wanawe.

Na ukifika, Rajabu atakupa mkono wa kulia. Ukiona wa kushoto unakusukuma, usimwachie. Si yeye anayekukataa.

Mwanao,
Zainabu