Riwaya Aliyosema Ameichoma

Kariakoo, Jumapili

Kaka Athanas,

Shikamoo. Sisi wazima. Nakuandikia kwa kuwa simu zetu hupokei. Duka la vitenge linaenda, na leo nimetoka soko la Feri na samaki wawili wanono aina ya changu. Mmoja Mama kamaliza peke yake. Macho yake ndiyo yamefifia, kwa hiyo kila jioni mimi ndiye msomaji wake. Magazeti, Biblia, hata karatasi za dawa tumezimaliza.

Wiki iliyopita alinituma sandukuni, chini ya khanga zake za harusi. Nikatoa ile riwaya ya mapenzi aliyotukataza tukiwa shule, iliyokuponza ukachapwa, halafu akatuambia ameichoma. Karibu na mwisho kulikuwa na kipande cha ukili wa mkeka, kimewekwa kuwa alama ya ukurasa.

"Anzia hapo," akasema. "Macho yaliniishia hapo."

Nilicheka, Kaka, mpaka nikalia. Ndipo nikamwambia ambalo wewe hukulisema hata ulipochapwa: kitabu kilikuwa changu.

"Jina lako nililikuta ndani siku ileile," akajibu. "Kumwomba mtoto radhi sikujua kunaanzaje."

Tangu hapo tunasoma sura moja kila jioni, na anayedai nyingine ni yeye. Nimesoma vitabu vingi maishani, lakini mwisho wa hiki bado unaniwasha tangu darasa la saba. Nao siujui mpaka leo. Imebaki sura moja, na Mama ameipiga marufuku: haisomwi mpaka ufike.

Mdogo wako,
Fortunata